Tukio moja, mstari mmoja: Excel katika ofisi ya mhasibu wa shule

Andika namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, kwenye seli ya Excel, tarakimu zote 20 zikifuatana bila vistari, kisha bonyeza Enter. Kitakachobaki kwenye skrini ni kitu kama 1.98506E+19. Ukiipanua safu na kubadili mwonekano wa namba, tarakimu 20 zitarudi, lakini tano za mwisho zitakuwa sifuri tupu. Hazijafichwa mahali, zimepotea. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote, na zinazozidi hapo huzigeuza sifuri bila kukuuliza. Karani aliyeingiza wafanyakazi wote wa shule kwa namna hiyo, akahifadhi faili na kulifunga, hana njia ya kuzirudisha isipokuwa kuwaomba vitambulisho upya.

Kilichotokea ni kwamba programu iliona tarakimu ikadhani ni kiasi. Namba ya NIDA si kiasi. Wala ya simu si kiasi, wala ya akaunti ya benki, wala ya mtihani. Hayo ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu. Kabla hujaanza safu yoyote jiulize: je, kuna siku nitazijumlisha hizi? Kama jibu ni hapana, safu hiyo ni ya maandishi. Ichague yote, nenda kwenye Home, sehemu ya Number, uchague Text, ndipo uanze kuandika. Ukifanya hivyo, namba ya simu inayoanza na 0 itabaki na sifuri yake.

Namba ya NIDA iandike na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho. Vistari hivyo vina faida ya pili ambayo wachache wanaifahamu. Fomula za COUNTIF na SUMIFS, hata zikikuta tarakimu zilizohifadhiwa kama maandishi, huzilinganisha kama namba, yaani kwa zile 15 za mwanzo tu. Namba ya NIDA huanza na tarehe ya kuzaliwa yenye tarakimu 8, zikafuata 5 za eneo, kisha zile za kumtofautisha mtu na mtu. Watu wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa eneo moja wanaweza kufanana hadi tarakimu ya 15, na Excel ikawahesabu kuwa mtu mmoja. Vistari vikiwepo, hilo halitokei.

Nimeanza na hili kwa sababu linaonyesha jambo ambalo mafunzo mengi ya Excel hulipita haraka ili yafike kwenye fomula. Ofisi nyingi zinaitumia programu hii kama mashine ya kupiga chapa yenye mistari: mtu anachora jedwali linalopendeza, anatia rangi, anaprinti, anagonga muhuri. Likipendeza kwenye karatasi, kazi imekwisha. Lakini Excel haisomi mpangilio wa kupendeza. Inasoma aina ya kilichomo kwenye kila seli na mahali kilipo. Ukiipa kumbukumbu zilizopangwa sawasawa, vifaa vyake vya kila siku vinafanya kazi karibu bila kufundishwa. Ukiipa picha ya ripoti, hata mtaalamu atahangaika nayo.

Tuchukue ofisi ya mhasibu wa shule binafsi, kwa sababu karibu kila tatizo la Excel hupita humo. Ada inalipwa kwa awamu. Wengine wanalipa benki, wengine kwa simu, wachache wanakuja na fedha taslimu. Faili lililorithiwa kutoka kwa mhasibu aliyepita kwa kawaida lina kichwa kikubwa juu, jina la shule likiwa limeunganishwa kwenye seli nane. Chini yake kuna majina ya wanafunzi wa Darasa la Kwanza, na safu za Awamu ya 1, Awamu ya 2, Awamu ya 3 na Awamu ya 4. Kisha mstari wa jumla. Kisha nafasi tupu, halafu Darasa la Pili na kichwa chake. Rangi ya njano maana yake amelipa nusu, nyekundu maana yake ahadi, na kijani anayejua maana yake alishaacha kazi.

Sasa mzazi mmoja analipa awamu ya pili kwa vipande vitatu, siku tatu tofauti. Vinaingia wapi? Mhasibu anaandika kwenye seli ileile 150,000/= kisha pembeni yake 50,000/= benki. Hapo ndipo jumla inapoharibika. Alama yetu ya /= tuliyoizoea kwenye risiti na hundi huigeuza seli kuwa maandishi. Vivyo hivyo ukiandika Tsh au Sh mbele ya kiasi. Na SUM ikikutana na maandishi katikati ya namba hailalamiki: inayaruka na kujumlisha yaliyobaki. Unapata jumla safi kabisa ambayo ina upungufu wa laki mbili.

Dawa ni kuandika 150000 peke yake, bila mkato, bila alama ya shilingi, bila neno lolote. Mikato ya maelfu itawekwa na programu yenyewe ukichagua mwonekano wa namba. Huo ni mwonekano tu, hauigusi thamani iliyomo. Kama faili tayari limejaa /=, chagua safu, bonyeza Ctrl+H, tafuta /= na mahali pa kubadilisha paache tupu, kisha agiza zote zibadilishwe. Kuna njia rahisi ya kutambua kwa macho: usipogusa mpangilio wa seli, namba hukaa upande wa kulia na maandishi upande wa kushoto. Kiasi kilichoegemea kushoto kitilie shaka mara moja.

Lakini kusafisha alama ni nusu tu ya kazi. Umbo lenyewe la faili lazima libadilike, na badiliko lenyewe ni moja: kila malipo yapate mstari wake. Mzazi akilipa mara tatu, inaandikwa mistari mitatu. Fungua karatasi uiite Malipo, yenye safu za Tarehe, Namba, Kiasi, Njia, Risiti na Maelezo. Hakuna kichwa kilichounganishwa, hakuna mstari mtupu, hakuna jumla katikati. Majina ya safu yakae mstari wa kwanza, na kumbukumbu zianze mstari wa pili hadi mwisho wa mwaka. Karatasi ya pili iite Wanafunzi: kila mtoto mstari mmoja, wenye Namba, Jina, Darasa, Ada na simu ya mzazi.

Namba ninayoisema ni ile ambayo shule humpa mtoto siku ya kuandikishwa, kwa mfano S-0147. Usiunganishe malipo na mtoto kwa jina lake. Khadija anaandikwa Hadija na benki, Mohamed ana tahajia nne, na katika shule yenye watoto mia sita lazima utakuta wawili wenye majina matatu yanayofanana. Namba haina tahajia. Na kwa kuwa inaanza na herufi, Excel haitaifanyia yale iliyoifanyia namba ya NIDA.

Karatasi hizo mbili zikishakuwa na umbo hilo, simama popote ndani ya kumbukumbu na ubonyeze Ctrl+T. Excel itakuuliza kama mstari wa kwanza una vichwa, kubali. Eneo hilo sasa ni jedwali rasmi, na kwenye menyu ya Table Design unaweza kulipa jina: moja Malipo, jingine Wanafunzi. Katika vifaa vyote vya kila siku, hiki ndicho ningekiweka mbele ya vingine, na ndicho ninachoona kinapuuzwa zaidi. Ukiandika chini ya mstari wa mwisho, jedwali linajiongeza lenyewe. Fomula uliyoiweka kwenye seli moja inashuka safu nzima. Vichwa vinabaki kuonekana unaposhuka chini. Ukipanga kwa tarehe, mistari yote inahama ikiwa kamili, haitokei kiasi kikahama huku jina likibaki.

Faida ya kujiongeza inaonekana ndogo mpaka uone hasara ya kuikosa. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala iliyosema kwamba nchi ambazo deni lake linazidi asilimia 90 ya pato la taifa hukua taratibu mno. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliitaja makala hiyo walipotetea kubana matumizi ya serikali. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alilipata faili lenyewe na kukuta fomula ya wastani inaishia mstari wa 44 ilhali nchi zinaendelea hadi mstari wa 49. Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark zilikuwa nje ya hesabu. Halikuwa kosa pekee katika kazi ile, lakini ndilo linalotokea kila siku katika ofisi zetu: fomula iliyowekwa Januari inaishia mstari wa 300, na Mei kumbukumbu zimefika mstari wa 412. Fomula inayosema =SUM(Malipo[Kiasi]) haina mstari wa kuishia. Inajumlisha safu nzima, iwe na urefu wowote.

Sasa salio la kila mtoto. Kwenye jedwali la Wanafunzi ongeza safu ya Amelipa, uandike:

=SUMIFS(Malipo[Kiasi],Malipo[Namba],[@Namba])

Maana yake: jumlisha Kiasi kwenye Malipo, pale tu ambapo Namba inalingana na ya mtoto wa mstari huu. Kisha safu ya Salio: =[@Ada]-[@Amelipa]. Basi. Mzazi akija dirishani na kusema, "Mwalimu, mimi nilishamaliza ya muhula wa kwanza," huna haja ya kukunjua rangi za njano. Unachuja Malipo kwa namba ya mtoto na kumsomea: tarehe hii laki moja na nusu benki, tarehe hii elfu hamsini kwa simu, risiti namba fulani. Kama kuna risiti yake ambayo haimo, inaonekana papo hapo, na mazungumzo yanaisha kwa amani.

Malipo yaliyoandikwa kimakosa usiyafute. Ongeza mstari mpya wenye kiasi hicho kikiwa hasi, na kwenye Maelezo useme kwa nini. Mkaguzi anataka kuona kosa na marekebisho yake. Mstari uliotoweka humtia wasiwasi kuliko mstari uliokosewa.

Tarehe zinahitaji uangalifu wa peke yake. Kwa Excel, tarehe ni hesabu ya siku, ikianza na 1 kwa Januari 1, 1900. Julai 1, 2024 ni 45474. Ndiyo maana unaweza kutoa tarehe moja kwenye nyingine ukapata siku ambazo deni limekaa. Ila sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi, na kompyuta nyingi zinazouzwa madukani huja zimepangwa kwa desturi ya Marekani, mwezi kwanza. Kwenye kompyuta ya namna hiyo ukiandika 25/03/2024, Excel haioni mwezi wa 25, kwa hiyo inaiacha kama maandishi na utaiona imeegemea kushoto. Ukiandika 05/03/2024 inaikubali kwa furaha na kuihifadhi kama Mei 3. Ona mtego ulivyo: tarehe zinazoonekana mbovu ndizo salama, kwa kuwa utazigundua, na zile zinazoonekana nzima ndizo zimehamishiwa mwezi mwingine. Ripoti ya Machi inakosa malipo ambayo yamejificha Mei.

Rekebisha kwenye chanzo, yaani kwenye mipangilio ya eneo ya Windows, uchague Tanzania, Kenya au Uingereza, na ufanye hivyo kwa kila kompyuta inayogusa faili. Kisha chagua mwonekano wa tarehe unaoonyesha mwezi kwa jina ili jicho lisibahatishe. Tarehe ya leo huna haja ya kuiandika: Ctrl pamoja na nukta-mkato huiweka.

Walio na daftari la zamu za walinzi au madereva wana jambo jingine. Andikeni saa za kompyuta, 19:00 na 06:00, msiandike saa moja usiku na saa kumi na mbili asubuhi kwa tarakimu za Kiswahili, la sivyo zamu itakuwa na urefu wa ajabu. Zamu inayovuka usiku wa manane ikihesabiwa kwa kutoa tu hutoa jibu hasi; tumia =MOD(C2-B2,1), B ikiwa saa ya kuingia na C ya kutoka. Na jumla ya saa za mwezi itaonekana ndogo mno usipoipa mwonekano wa [h]:mm, kwa sababu mwonekano wa kawaida unaanza upya kila ikifika saa 24.

Turudi kwenye safu ya Njia. Ukiwaachia watu watatu waandike wanavyotaka, utapata M-Pesa, Mpesa, M Pesa na mpesa yenye nafasi mwishoni isiyoonekana. Herufi kubwa na ndogo Excel haizitofautishi katika SUMIFS, lakini kistari na nafasi inavitofautisha, na jumla ya mapato kwa njia ya simu itagawanyika mara nne. Chagua safu hiyo, nenda menyu ya Data, kisha Data Validation, uchague List na uandike njia zinazokubalika zikitenganishwa kwa mkato. Kuanzia hapo kila seli ina orodha ya kuchagua na inakataa kingine. Hapohapo unaweza kuiwekea Kiasi sharti la kuwa namba, na hiyo inaizuia /= mlangoni. Tahadhari moja: anayebandika kutoka faili jingine anabandika juu ya sharti na kulifuta. Wafundishe wenzako kubandika thamani peke yake, kwa Ctrl+Alt+V kisha V.

Viwango vya kodi, ada na makato ni mahali pengine penye makosa ya kimyakimya. Fikiria duka la vifaa vya ofisini nchini Kenya ambalo kila ankara ina =C2*16%. Aprili 1, 2020 serikali ya Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, na Januari 1, 2021 ikairudisha 16. Aliyekuwa na 16% ndani ya mamia ya fomula alilazimika kuzibadilisha zote mara mbili ndani ya miezi tisa. Ushauri wa kawaida ni kuweka kiwango kwenye seli moja, tuseme H1, na fomula iseme =C2*$H$1. Alama ya dola inaifunga seli hiyo isihame unapoburuta fomula kwenda chini, na kitufe cha F4 huiweka ukiwa bado unaandika.

Ushauri huo ni mzuri, lakini mimi nauona haujatosha. Ukibadili H1 kuwa 14%, ankara zote za Februari na Machi nazo zinageuka 14%, na vitabu vyako havilingani tena na marejesho uliyokwishawasilisha. Kiwango kinachobadilika kwa wakati lazima kikae pamoja na tukio. Weka safu ya Kiwango kwenye kila mstari wa ankara. Kila mauzo yabebe kiwango cha siku yake. Shuleni vilevile: ada ya mwaka huu iandikwe kwenye mstari wa mtoto wa mwaka huu, na ada ikipanda mwakani lianzishwe jedwali jipya la mwaka huo, badala ya kugeuza namba ileile na kuwafanya wote waliomaliza waonekane wadaiwa.

Kuchuja na kupanga kila mtu huvijua, kwa hiyo nitasema jambo moja tu. Ukichuja Darasa la Tatu kisha ukaweka SUM, utapata jumla ya shule nzima, kwa kuwa SUM inahesabu hata mistari iliyofichwa na chujio. Tumia SUBTOTAL(9, ikifuatiwa na safu yako na mabano ya kufunga, hiyo inafuata kinachoonekana. Kwa jibu la haraka huhitaji fomula kabisa: chagua seli kwa kipanya na utazame ukingo wa chini wa dirisha, jumla, wastani na idadi vimeandikwa hapo.

Ripoti ya mwezi kwa mkuu wa shule usiichape kwa mkono. Simama ndani ya jedwali la Malipo, nenda Insert, chagua PivotTable, buruta Tarehe upande wa mistari, Njia upande wa safu, na Kiasi mahali pa thamani. Umepata mapato ya kila mwezi kwa kila njia, bila fomula hata moja. Wengi huiogopa kwa jina lake, lakini aliyepanga kumbukumbu kwa mstari mmoja mmoja anaijua kwa saa moja, na aliyepanga kwa Awamu ya 1 hadi ya 4 haitamtii hata akisoma mwaka mzima. Kumbuka tu kwamba haijisasishi yenyewe. Kabla ya kuprinti, nenda Data ubonyeze Refresh All.

Na kabla ya kuamini chochote, weka seli za ukaguzi. Ofisi inayoshika fedha za watu haiwezi kukosa hizi tatu, kwenye karatasi yao wenyewe, zikionekana kila unapofungua faili. Ya kwanza:

=COUNTA(Malipo[Kiasi])-COUNT(Malipo[Kiasi])

COUNTA inahesabu seli zote zilizoandikwa, COUNT inahesabu zenye namba peke yake. Jibu likiwa 3, kuna viasi vitatu vilivyoandikwa kama maandishi na havimo kwenye jumla. Ya pili:

=SUM(Malipo[Kiasi])-SUM(Wanafunzi[Amelipa])

Ikitoa jibu lililo juu ya sifuri, yako malipo ambayo namba ya mwanafunzi imekosewa, yaani fedha imeingia lakini haijamfikia mtoto yeyote. Ikiwa hasi, kuna namba moja imepewa watoto wawili. Ya tatu ni tofauti kati ya malipo yako ya benki na jumla ya yaliyoingia kwenye taarifa ya benki ya mwezi huo. Risiti zilizojirudia huhitaji fomula kuziona: chagua safu ya Risiti, nenda Home, Conditional Formatting, kisha kwenye Highlight Cells Rules uchague Duplicate Values, na zitawaka rangi.

Nimeona watu hodari wa fomula wasioweka ukaguzi, na nawaamini kidogo kuliko karani anayejua SUM tu lakini kila Ijumaa anahakikisha seli zake tatu zinasoma sifuri.

Limebaki suala la kutuma faili. Kuficha safu au karatasi si kulinda. Anayelipokea anabofya mara mbili na kila kitu kinatokea. Agosti 2023 polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la taarifa kwa faili ambalo ndani yake kulikuwa na karatasi iliyofichwa, yenye majina ya ukoo na vituo vya kazi vya askari na wafanyakazi 9,483. Kwa jeshi ambalo watu wake wameishi miaka mingi wakiwindwa, hiyo ilikuwa hatari ya maisha. Jedwali la Wanafunzi lina majina ya watoto, simu za wazazi na madeni yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Orodha ya wadaiwa iliyotupwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi inaweza kuifikisha shule mbele ya wasimamizi wa sheria hizo. Mtu akihitaji sehemu, mpe sehemu: nakili thamani zile tu, uzibandike kwenye faili jipya tupu, ndilo utume. Faili kamili likilazimika kusafiri, liwekee nenosiri la kulifungua kupitia File, Info, Protect Workbook, na nenosiri lenyewe litume kwa njia nyingine. Nenosiri la kufunga karatasi dhidi ya mabadiliko ni kitu tofauti: linamzuia mwenzako asifute fomula kwa bahati mbaya, halimzuii mwizi.

Kuprinti ni jambo dogo. Kwenye Page Layout weka mstari wa vichwa ujirudie kila ukurasa na upana utoshe ukurasa mmoja. Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, kama 2025-03 Malipo, na folda itajipanga yenyewe. Nakala ya pili iwe nje ya kompyuta hiyo, na siku umeme unapoyumba bonyeza Ctrl+S mara kwa mara. Wanaotumia Google Sheets au LibreOffice Calc watakuta mengi niliyosema yanafanana, isipokuwa njia za mkato za kibodi, baadhi ya majina ya menyu, na majedwali ya Ctrl+T pamoja na fomula zake, ambayo hayafanyi kazi vilevile kila mahali.

Ukitaka kuanza, usianze na faili lote la shule. Chukua malipo ya mwezi huu peke yake, yaandike upya mstari kwa mstari kutoka kwenye vitabu vya risiti, weka zile seli tatu za ukaguzi, na uliendeshe sambamba na faili la zamani hadi mwezi uishe. Yakilingana, muhula unaofuata uanze kwenye umbo jipya. Mkuu wa shule akiuliza kwa nini ripoti haina rangi, mwonyeshe PivotTable na umwache aulize swali lolote kuhusu mapato. Mafaili ya miaka iliyopita yaache kama yalivyo, bila kuyanyoosha, kwa sababu mkaguzi akija atayataka katika hali ileile yalivyofungwa.